Kazi ya bati ikikataa kukaa: soma chuma kwanza, kisha urudi kwenye mchoro

Kwenye mabanda ya jua kali ya Kibuye, Kisumu, kazi ya bati ikitoka vibaya wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Mwenye kazi anasema fundi hajui kupima, fundi naye anasema mwenye kazi hajui anachotaka. Lakini ukiichukua kazi yenyewe ukaigeuzageuza mkononi, mara nyingi utakuta fundi alifuata mchoro vizuri kabisa. Mchoro ndio ulioagiza kitu ambacho chuma hakikubali, au kinachokubalika kwa bei mara mbili.

Kwa hiyo maneno haya ni ya anayechora: kijana aliyehitimu Kakamega au Nakuru mwenye faili kwenye flashi, mama wa chipsi aliyechora meza yake kwenye karatasi ya daftari, hata fundi anayechora kwa chaki sakafuni. Tafuta dalili unayoiona, kisha urudi nyuma hadi kwenye chanzo. Hesabu zote hapa ni za bati la kati ya milimita 0.5 na 3. Ukizidi hapo umeingia kwenye kazi ya plati, na mambo ni mengine.

Uwe na kalipa (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi), skweya, na kipande cha bati lilelile litakalotumika. Tepu peke yake haitakuambia unene wa bati, na unene ndio mzizi wa nusu ya matatizo yanayofuata.

Kasha limetoka kubwa, kifuniko hakiingii

Tuseme ni kasha la stima. Upana milimita 300, na kila upande una ukingo wa 50 uliokunjwa juu. Mchoraji amejumlisha 50 na 300 na 50, akapata 400, akaagiza bati likatwe 400. Likishakunjwa, vipimo vinazidi kwa zaidi ya milimita 5, na kifuniko kilichokatwa sawasawa kinabaki kimekaa juu kama kofia ya kuazima.

Chanzo ni kwamba chuma hakikunjiki kama karatasi. Kwenye mkunjo kinapita kwa mviringo, na njia ya mviringo ni fupi kuliko kwenda hadi kwenye kona kali na kugeuka. Ukipima kwa nje, kona hiyo umeihesabu mara mbili. Kwa hiyo kila mkunjo unapunguziwa kiasi fulani kwenye bati bapa. Kwa bati la milimita 1.5 lenye radiasi ya ndani (nusu kipenyo cha mviringo wa mkunjo kwa upande wa ndani) ya 1.5, mkunjo wa digrii 90 unahitaji kupunguziwa kama milimita 2.65. Mikunjo miwili ni 5.3. Bati la kasha letu lilipaswa kukatwa 394.7, si 400.

Ukitaka kujua nambari hiyo imetoka wapi: chukua radiasi ya ndani, ongeza unene uliozidishwa kwa 0.42, halafu zidisha kwa 1.571. Huo ndio urefu wa chuma kilichotumika kwenye mkunjo, hapa 3.35. Radiasi na unene zikijumlishwa zinatoa 3, na kwa pande mbili za kona ni 6. Toa 3.35 kwenye 6, unabaki na 2.65. Hiyo 0.42 si amri ya serikali. Inahamahama kati ya 0.33 na 0.5 kutegemea chuma, mashine na jinsi mkunjo ulivyobana.

Ndiyo maana kuliko kubishana na fomula, kata ukanda wa milimita 100 kamili kutoka kwenye bati lenyewe. Mwambie fundi aukunje katikati, digrii 90, kwenye mashine ileile atakayotumia. Pima miguu yote miwili kwa nje na ujumlishe. Ukipata 102.7, basi unatoa 2.7 kwa kila mkunjo kwa bati hilo na mashine hiyo. Fanya kwa vipande viwili vitatu uone kama vinakubaliana. Andika nambari hiyo ukutani kwa maka. Itakusaidia zaidi ya jedwali lolote.

Kama vipimo vilikuwa sawa kwenye kazi iliyopita na leo vimekataa, pima unene. Geji ni nambari ya unene inayotumika dukani, na "geji 16" si kipimo kimoja. Kwenye jedwali la zamani la Uingereza ni milimita 1.63, kwenye la Marekani la bati la chuma ni 1.52, na dukani unaweza kuuziwa 1.4 kwa jina hilohilo. Kwenye mchoro andika milimita. Geji iache kwa mazungumzo ya kaunta.

Kuna chanzo cha tatu, cha kijinga zaidi, na ndicho kinachozua ugomvi mwingi.

"Mzee, nilisema mia tatu."

"Mia tatu ya ndani au ya nje, kijana wangu?"

Kwa bati la 1.5 tofauti ni milimita 3. Kasha la kuingiza betri linapimwa ndani. Kasha la kuingia kwenye fremu linapimwa nje. Mshale wa kipimo uguse uso unaohusika, na neno "ndani" au "nje" liandikwe kando yake.

Mkunjo umepasuka kwa nje

Angalia mpasuko wenyewe kwanza. Kama ni nyufa ndogondogo zilizojipanga kwa urefu wote wa mkunjo, umebana kuliko chuma kinavyovumilia, au umekunja kwa kufuata mkondo wa chuma. Bati linapotengenezwa linapitishwa kwenye roli, na linabaki na mkondo, mara nyingi sambamba na upande mrefu wa futi 8. Mstari wa mkunjo ukikata mkondo, chuma kinavumilia. Ukienda nao sambamba, kinapasuka mapema. Chuma laini mara nyingi hukusamehe, ila alumini ngumu haina msamaha.

Dawa ya kwanza ni radiasi ya ndani isiyopungua unene wa bati. Ya pili ni kugeuza kipande unapokipanga juu ya bati. Kama kina mikunjo pande zote nne, kigeuze kidogo ili hakuna mkunjo unaofuata mkondo moja kwa moja, ingawa hapo utapoteza bati kiasi. Kwa alumini, uliza ni ya aina gani kabla ya kulipa. 5052 inakunjika vizuri, lakini 6061 iliyoshaimarishwa kwa joto, ile ya T6, itakuvunjikia mkononi ukiikunja kwa kona kali.

Kama ufa umeanzia mwishoni mwa mkunjo na kuingia ndani, tazama ukingo uliokatwa. Gilotini butu inaacha meno makali upande mmoja, na meno hayo yakiwa nje ya mkunjo ndiyo mlango wa ufa. Pitisha faili, au kunja meno yakiwa ndani.

Bati la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, likionyesha mabaka ya kijivu yaliyochubuka kwenye kona, hapo ni zinki iliyopasuka, chuma chenyewe ni kizima. Ongeza radiasi, au upake rangi yenye zinki mahali pale.

Tundu lililokuwa duara limekuwa yai

Liko karibu mno na mkunjo. Chuma kinapovutwa kuzunguka kona kinavuta na tundu. Kutoka ukingo wa tundu hadi mkunjo unapoanza, acha angalau unene mara mbili na ujumlishe radiasi. Kwa bati la 1.5 lenye radiasi ya 2 hiyo ni milimita 5, na mimi huweka 6 ili nilale vizuri. Tundu refu lililolala sambamba na mkunjo linahitaji nafasi zaidi, kama unene mara nne pamoja na radiasi.

Kama tundu ni lazima liwe palepale, una njia mbili. Toboa baada ya kukunja, ukijua kwamba unalipia muda wa drili. Au kata mwanya mwembamba kwenye mstari wa mkunjo mbele ya tundu, ili chuma cha hapo kisiwe na cha kuvuta.

Ukingo mfupi umetoka umepinda, au fundi amekataa kuukunja

Fundi ana haki. Mashine ya kukunjia inahitaji bati lilale juu ya midomo yote miwili ya dai ya V, yaani kile chuma cha chini chenye mfereji wa umbo la V ambamo bati husukumwa. Kwa kawaida V huwa na upana wa kama mara 8 ya unene, kwa hiyo bati la 1.5 linatumia V ya milimita 12, na ukingo usiofika kama 8.5 unadumbukia ndani ya V kabla mkunjo haujakamilika. Ukiona alama ya mkwaruzo upande mmoja na ukingo uliopinda kama mdomo wa bata, ni hilo. Chora 10 au zaidi. Ukihitaji 5 tu, chora 12, kisha ulipie ipunguzwe baadaye, au jiulize kama hiyo 5 ina kazi gani hasa.

Kwa banda lisilo na mashine, ambako bati linabanwa kati ya engo laini mbili (vyuma vya umbo la L) na kupigwa kwa nyundo ya mbao, ukingo mfupi unawezekana. Ila usitarajie mita nzima itoke imenyooka.

Mwisho wa mkunjo umechanika, au kona imevimba kama jipu

Mkunjo umeishia katikati ya bati bila mkato wa kuachia. Sehemu moja inataka kupanda, jirani yake inataka kubaki chini, na zinachanana. Kata mwanya mdogo kila mkunjo unapokutana na sehemu isiyokunjwa: upana usiopungua unene wa bati, na kina kinachozidi kidogo jumla ya unene na radiasi. Kwa bati la 1.5 lenye radiasi ya 2, mwanya wa upana wa 2 na kina cha 4 unatosha.

Kwenye kona za kasha, usichore pande mbili zikigusana kabisa. Acha nafasi ya kama nusu milimita hadi moja. Zikigusana kwenye mchoro, kwenye chuma zitapandana.

Mashine inagonga kazi kabla ya mkunjo wa mwisho

Hii huonekana kwenye mifereji yenye umbo la U. Miguu ikiwa mirefu kuliko upana wa chini, mguu uliokunjwa kwanza unakutana na panchi, kile kisu cha juu kinachosukuma bati, wakati wa kukunja wa pili. Wenye panchi iliyopinda shingo wanapita, wengine hawapiti. Weka urefu wa miguu usizidi upana, au gawanya kipande viwili uviunge kwa riveti. Kasha lenye pande nne linahitaji mashine yenye vidole vinavyotolewa. Uliza kama ipo kabla hujachora, si baada ya kulipa deposti.

Digrii 90 imetoka 92

Chuma kimerudi. Chuma laini kinarudi digrii moja au mbili, stenilesi zaidi. Fundi anajua kupita kidogo kufidia. Kazi yako ni kutobadilisha chuma katikati ya oda, na kutodai nusu digrii mahali ambapo hakuna kitakachojua tofauti.

Kazi imepinda baada ya kuchomelewa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua hopa ya mashine ya kusaga mahindi. Ni piramidi iliyopinduliwa, mdomo mpana juu na mdogo chini, bati la 1.2. Mchoro wa kawaida una pande nne zilizokatwa kila moja peke yake, na mishono minne mirefu ya weldi. Fundi anachomelea mshono wa kwanza kutoka juu hadi chini bila kupumzika. Bati linapashwa joto kwenye mstari mwembamba na kutaka kutanuka, lakini chuma baridi kilichozunguka kinaubana. Linapopoa linajikaza, na uso wote unavutwa. Kufikia mshono wa nne, mdomo wa juu uliokuwa mraba umekuwa kama majani ya mgomba, na fundi anaanza kazi mpya ya nyundo isiyo kwenye bei. Huyo fundi hajakosea chochote. Ulimpa mishono minne mirefu kwenye bati jembamba, na joto lina tabia yake.

Sasa ichore upya. Pande mbili zinazopakana zikatwe zikiwa kipande kimoja na kukunjwa katikati. Vipande viwili vya namna hiyo vinafanya hopa nzima, na mishono inabaki miwili. Kwenye mishono hiyo, acha ukingo wa milimita 15 unaotokeza nje kila upande, ili kingo mbili zilale bega kwa bega. Sasa unaweza kuzifunga kwa riveti, kwa spoti (weldi ya nukta nukta), au kwa weldi fupifupi, na kingo zenyewe zinaimarisha kona. Mdomo wa juu ukunjwe nje milimita 20 kuzunguka. Mdomo uliokunjwa haupindi kirahisi, na ndiye mlinzi wa umbo lote.

Kama ni lazima uchomelee, andika kwenye mchoro: weldi za milimita 25 kwa kila 100, kwa kurukaruka, si mshono mzima. Mshono mzima uagize pale tu panapotakiwa kuzuia maji au unga kuvuja, na hata pale silikoni inayofaa chakula wakati mwingine ni bei rahisi kuliko saa moja ya gurinda.

Kama tatizo ni matundu yaliyochomeka badala ya kupinda, angalia rodi. Bati la milimita 1 na rodi ya 2.5 ni ndoa ngumu. Rodi ya 2.0 kwa ampia 40 hadi 60 inafaa zaidi, na mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya badala ya rodi, yenye waya wa 0.8 inafaa kuliko zote. Lakini swali la kwanza liwe kwako: kwa nini bati la 1.0 lilichorwa liunganishwe kwa weldi, na si kwa mkunjo na riveti?

Na kwenye bati la GI, zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wengi huamini kwamba ukinywa maziwa umemaliza, maziwa hayazuii. Zinki isagwe kwanza mahali pa weldi, kazi ifanyiwe nje, na upepo utoke nyuma ya mchomeleaji. Mchoro wenye riveti unalimaliza tatizo lote hilo kabla halijaanza.

Bati bapa linapiga kelele: ndani, nje, ndani, nje

Ukilibonyeza linadunda na kurudi. Uso ni mpana mno bila kitu cha kuushika. Wengi huongeza unene, na hapo ndipo gharama inapopanda bure. Bati zima la futi 8 kwa 4 la milimita 1.5 lina uzito wa kama kilo 35, la 1.2 kama kilo 28, la 2 karibu kilo 47. Unalipia kilo, na unalipia matatu ya kuzibeba. Badala yake, kunja kingo zote nne, au mwambie fundi apige mkunjo mdogo wa msalaba kutoka kona hadi kona, wa digrii chache tu. Mkunjo hauongezi hata gramu moja.

Matundu ya kifuniko hayakutani na ya kasha

Kila mkunjo unaleta kosa lake dogo, nusu milimita hivi kwa fundi makini. Kama tundu limepimwa kutoka kwenye mkunjo wa kwanza, na la pili kutoka kwenye tundu la kwanza, na linalofuata kutoka hapo, makosa yanashikana mikono, na baada ya mikunjo minne umekosa milimita 2. Pima kila kitu kutoka ukingo mmoja. Kisha upande mmoja uwe na tundu la duara, upande wa pili uwe na tundu refu. Kwa bolti ya milimita 6, duara la 6.5 na tundu refu la 6.5 kwa 10 vinamaliza ugomvi.

Usiandike plasi au minasi 0.1 kila mahali kwa sababu programu ya kompyuta imeiweka hivyo yenyewe. Fundi akiona hiyo anaongeza bei au anaipuuza, na ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu atapuuza na ile moja uliyoihitaji kweli.

Skrubu inazunguka tu, haikazi

Meno ya bolti ya milimita 6 yameachana kwa milimita 1. Kwenye bati la 1.5 unapata jino moja na nusu. Halishiki. Weka nati ya kuchomelea au nati ya riveti, au kunja bati mara mbili mahali pale. Kwa kifuniko kinachofunguliwa mara chache, skrubu inayojichimbia yenyewe inatosha.

Kazi iko sawa, lakini bei imekataa

Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichopinda, ila mteja wa Nakuru amepata bei ndogo kwingine. Anza na jinsi vipande vinavyolala juu ya bati. Bati zima ni milimita 1220 kwa 2440. Tuseme unatengeneza hori la kulishia ng'ombe, na kipande chake kikiwa bapa, kabla ya kukunjwa, ni 620 kwa 800. Jaribu kukipanga: 620 mbili ni 1240, zimezidi upana wa bati. Kigeuze unavyotaka, havilali viwili bega kwa bega. Unapata vipande vitatu kwenye bati zima, na karibu nusu ya bati inabaki imesimama ukutani ikingoja kazi ambayo haiji.

Punguza 620 iwe 600. Sasa viwili vinaenea kwenye upana na nafasi ya kukata inabaki. Kwa urefu 800 tatu ni 2400. Sita. Ng'ombe wa Molo hatajua kwamba hori lake limepungua milimita 20, lakini gharama ya bati kwa kila hori imepungua nusu. Kumbuka tu kwamba unapanga bati bapa, pamoja na kingo zote, si kipimo cha kazi iliyokamilika.

Baada ya hapo hesabu unene ngapi tofauti ziko kwenye kazi moja. Mwili wa 1.2, miguu ya 2, kibano cha 1.5, kifuniko cha 1.0: hayo ni mabati manne ya kununua kwa oda ndogo. Mara nyingi mawili yanatosha, ukiongeza mkunjo pale ulipopunguza unene. Vivyo hivyo kwa vipande vya kushoto na kulia. Kama unaweza kuchora kimoja kinachogeuzwa kikafaa pande zote mbili, fanya hivyo. Fundi hatachanganya, na ukibaki na kimoja cha ziada kitatumika.

Kwa kazi ya leza, unalipia urefu wa mkato na kila mahali miale inapotoboa kuanza. Matundu ya kupitisha hewa ndiyo yanayoumiza hapa. Tundu refu moja la milimita 4 kwa 60 lina mkato wa kama 125 na kutoboa mara moja. Kupitisha hewa ileile kwa matundu ya duara ya milimita 4 unahitaji 19, yenye mkato wa jumla wa karibu 240 na kutoboa mara 19. Kama ni pambo, lipa. Kama ni hewa, chora marefu.

Plazima, yaani kukata kwa mwale wa gesi yenye joto kali, ni bei rahisi zaidi kwa bati nene, lakini matundu yake madogo hutoka yamepanuka upande mmoja, na bati jembamba hupata joto likajikunja. Kwa matundu ya bolti, agiza plazima iweke alama tu ya katikati, na drili imalize.

Na tazama gurinda. Ukipita bandani ukakuta vijana wawili wanasaga weldi mchana kutwa, hiyo ni gharama ya mchoro. Weldi isiyoonekana isisagwe, na mchoro useme hivyo.

Kutu imeanza kwenye pindo na kwenye kona za chini

Ukanda wa ziwa hauna huruma na maji yaliyotuama. Pindo, yaani ukingo uliokunjwa ukarudi juu yake wenyewe, likibanwa nusu linanyonya maji na kuyahifadhi. Lifunge kabisa, au liache wazi vya kutosha brashi ipite. Kila mfereji unaoelekea juu uwe na matundu ya kutolea maji, milimita 6 hadi 8, mahali pa chini kabisa. Kama kazi itapigwa rangi ya unga (inayopulizwa ikiwa unga kisha kuokwa), matundu hayohayo yanamwaga maji ya kuoshea, na moja la juu linatumika kuning'inizia. Mahali palipochomelewa kwenye GI hapana tena zinki, kwa hiyo panahitaji rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho.

Kwa tanuri ya kukaushia samaki kwa moshi, GI isiwe kwenye treya wala karibu na moto, hata kama ndiyo iliyobaki dukani. Zinki, joto na mbuta haviendi pamoja. Treya ziwe za stenilesi, mwili wa chuma laini.

Fundi anapiga simu kila baada ya nusu saa

Mchoro haujajitosheleza. Mambo yanayokosekana huwa ni yaleyale: unene kwa milimita, aina ya chuma, ndani au nje, mkunjo unaelekea juu au chini, uso upi utaonekana na mteja, na idadi. Ongeza picha ya kazi ikiwa imekunjwa, hata iliyochorwa kwa mkono. Bati bapa lenye mistari ya nukta linaweza kukunjwa kwa njia mbili, na fundi aliye peke yake saa kumi na moja jioni atachagua moja.

Kwa faili za leza, matatizo ni matatu. Faili iliyohifadhiwa kwa inchi na kusomwa kwa milimita inatoa kipande kidogo mara 25.4. Mistari ya mkunjo iliyoachwa pamoja na ya kukata inakatwa kama mingine, na unaletewa vipande vingi vizuri visivyo na kazi. Mistari miwili iliyolaliana inakatwa mara mbili, na unalipia mara mbili. Kabla ya kutuma, ifungue faili upya, pima urefu mmoja unaoujua, na uandike kipimo hicho kwenye ujumbe ili anayekata naye akipime upande wake.

Kwa oda ya zaidi ya vipande vitano, lipia kimoja kwanza. Kikifika, pima kingo zilizokunjwa, jaribu kifuniko, weka bolti, kisha kaa na fundi umuulize ni mkunjo gani uliomsumbua. Atakuonyesha kwa kidole. Badilisha hapo, ndipo useme akate vilivyobaki.